Rangi ya Haraka na Ukuta Mbichi

Ni jambo la kawaida kuona jengo jipya la shule, zahanati au ofisi ya kijiji likipakwa rangi siku chache tu baada ya lipu kuonekana kavu machoni pa watu. Siku ya ufunguzi imekwisha kupangwa, wageni wamekwisha kualikwa, na fundi ameambiwa kwamba hapana budi kuta ziwe zinang'aa kabla ya siku hiyo. Fundi hutii. Utepe hukatwa, ngoma huchezwa, watu hutawanyika. Masika moja yakipita, rangi huanza kufanya malengelenge, kisha hubambuka vipande vipande, na kwenye sehemu za chini za ukuta hutokeza unga mweupe mfano wa chumvi. Hapo hutafutwa wa kulaumiwa: ama fundi alikuwa mvivu, ama rangi ilikuwa bandia, ama mwenye duka aliizidisha maji. Mara nyingine lawama hizo ni za kweli. Lakini aghalabu mkosaji ni kalenda.

Makala haya yanashikilia kwamba kupaka rangi ukuta mpya ni jambo la kemia kabla halijawa jambo la urembo. Kwamba fedha nyingi za wananchi hupotea kwa sababu wanaopanga tarehe hawaulizi hali ya ukuta. Na kwamba elimu ya kuzuia hasara hiyo imo tayari katika vitabu vya kemia na fizikia vya sekondari, ila haijatolewa darasani ikaelekezwa kwenye kuta za darasa lenyewe.

Saruji haigandi kwa kukauka

Watu wengi hudhani kwamba lipu ya saruji huwa ngumu kwa sababu maji yake yamekauka, kama vile tope linavyokuwa gumu juani. Sivyo. Saruji ya aina inayotumika leo, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1824, huwa ngumu kwa kuungana na maji. Silikati za kalsiamu zilizomo katika unga wa saruji hushikana na maji na kufanya kitu kipya kilicho kigumu kama jiwe. Ndiyo maana saruji huweza kuganda hata chini ya maji, na ndiyo maana fundi mwema humwagilia lipu yake kila siku kwa muda wa juma moja hivi. Lipu inayonyimwa maji mapema hufanya nyufa na kubaki dhaifu.

Hapa ndipo penye kinaya ambacho mwanafunzi hana budi kukielewa. Ukuta mpya huhitaji maji ili upate nguvu, kisha huhitaji kuyaachia maji hayo hayo kabla ya kufunikwa kwa rangi. Kazi hizo mbili haziwezi kufanyika siku moja. Kwa kuwa nguvu ya zege na saruji hupimwa kwa desturi baada ya siku 28, na watengenezaji wengi wa rangi hushauri kungoja karibu wiki nne, kipimo cha mwezi mmoja ni mwanzo mzuri wa kufikiria. Lakini ni mwanzo tu. Mwezi mmoja wa kiangazi Dodoma si sawa na mwezi mmoja wa masika Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu na haina nafasi ya kupokea zaidi. Kalenda haiwezi kuujua ukuta. Hali ya ukuta yapaswa ichunguzwe.

Maadui wawili wa rangi

Adui wa kwanza ni alkali. Saruji inapoungana na maji hutoa pia kalsiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa. Maji yaliyomo katika lipu changa huwa na kipimo cha pH kati ya 12 na 13, ilhali maji safi huwa na 7. Ukali huo ndio unaowachoma mafundi vidole na kuwaletea vidonda wanaposhika saruji mbichi kwa mikono mitupu. Basi yafaa kuulizwa: kitu kinachochoma ngozi ya mtu kitaifanyia nini rangi?

Jibu linajulikana na kila kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni. Huchukua mafuta ya nazi au ya mawese, wakachanganya na alkali kali, na mafuta yakageuka sabuni. Rangi ya mafuta nayo imefanywa kwa mafuta, au kwa vitu vya jamii hiyo. Ikipakwa juu ya lipu mbichi, alkali ya ukuta huyashambulia mafuta yake na kuyageuza sabuni. Rangi hulainika, hunatanata, hutoa madoa, kisha huachana na ukuta. Mwenye nyumba anadhani ameuziwa rangi mbovu, kumbe ametengeneza sabuni ukutani kwa gharama kubwa. Hata unga unaotia rangi huweza kudhurika: buluu ya Prussia, kwa mfano, haistahimili alkali na hugeuka kahawia.

Adui wa pili ni maji. Ndani ya lipu mna vitundu vidogo vingi visivyoonekana kwa macho, na maji husafiri humo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Yakifika nje huvukiza, lakini chumvi yaliyoiyeyusha njiani, kutoka katika mchanga, matofali, saruji au ardhi, haiwezi kuvukiza. Hubaki usoni pa ukuta ikiwa fuwele. Huo ndio unga mweupe unaotajwa hapo juu. Ikiwa njia ya kutokea imezibwa na rangi, fuwele hukua nyuma ya rangi, na kukua kwake kuna nguvu ya kuisukuma rangi na hata kuimega lipu. Mchanga wa ufukweni usiooshwa huongeza balaa, kwa sababu chumvi yake hunyonya pia unyevu wa hewani. Na ukuta uliojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi utaendelea kuvuta maji ya ardhini miaka nenda miaka rudi. Hakuna rangi, hata iwe ya bei gani, itakayoponya ugonjwa huo.

Yaonekana wazi kwamba maadui hawa husaidiana. Alkali kavu haina nguvu kubwa ya kuidhuru rangi. Ni maji yanayoibeba na kuifikisha. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya ukuta mpya liwe hili: je, maji yake yametoka?

Kazi ya mkono wa kwanza

Ukuta ukishakuwa tayari, bado haufai kupakwa rangi ya mwisho moja kwa moja. Hupigwa kwanza msasa ili kuondoa chembe zisizoshika, hufutwa vumbi, nyufa hujazwa, kisha hupakwa mkono wa kwanza ambao mafundi huuita praima. Wako wanaouona mkono huu kuwa ujanja wa wenye maduka wa kuuza kopo moja zaidi. Dhana hiyo hutoweka mara mtu anapojua jinsi rangi inavyofanya kazi.

Rangi ina mambo matatu: unga unaoleta rangi, gundi inayoushikilia, na kimiminiko kinachoiwezesha kupakika. Katika rangi ya maji, gundi huwa ni vitone vidogo sana vinavyoelea majini. Maji yanapoondoka polepole, vitone hukaribiana, hugusana na kuungana kuwa ngozi moja. Lakini ukuta mkavu wenye vitundu hunywa maji haraka mno. Vitone huachwa vimetawanyika kabla ya kuungana, na unga hubaki bila wa kuushika. Matokeo yake ni rangi inayomchafua kila anayeuegemea ukuta, kama chaki. Praima huchukua kiu hiyo ya ukuta, hushika vumbi lililobaki, na ikiwa ni ya aina isiyodhuriwa na alkali, husimama kati ya ukali wa saruji na rangi ya juu.

Mafundi wengi, bila kuyasoma haya popote, huipunguza rangi ya maji kwa maji kidogo na kuipaka kuwa mkono wa kwanza. Desturi hiyo si ya kudharauliwa. Ina msingi, maana rangi nyepesi huingia katika vitundu vya lipu na kujishikiza. Kosa huja pale maji yanapozidishwa ili kopo litoshe nyumba nzima. Hapo inayopunguzwa si rangi tu bali gundi, na rangi iliyopungukiwa na gundi ni vumbi lililochelewa kuanguka.

Maagizo ya kuazima

Lipo tatizo jingine, nalo ni la fikra. Maagizo mengi ya ujenzi yanayosomwa duniani yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Amerika ya Kaskazini, ambako kuta za ndani hufanywa kwa mbao za jasi, ambayo mafundi wa hapa huiita jipsamu. Nchini Marekani Augustine Sackett alipewa hataza mwaka 1894 kwa mbao za tabaka za plasta na karatasi, na kutokana na wazo hilo zikaja mbao za siku hizi, zenye jasi katikati na karatasi nene pande zote mbili. Jasi huchimbwa Tanzania pia, katika sehemu kama Makanya na Itigi. Ikipashwa moto wa karibu nyuzi 150 za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa katika fuwele zake na kuwa unga. Unga huo ukirudishiwa maji huganda tena upesi.

Ukuta wa mbao za jasi hauna alkali kali kama ya saruji, na mbao zenyewe hufika zikiwa zimekauka tangu kiwandani. Tatizo lake ni jingine. Maungio hujazwa kwa uji wa jasi au wa chokaa laini, na uji huo hunywa rangi kwa namna isiyolingana na karatasi iliyo pembeni yake. Bila praima, kila ungio litaonekana kama mstari uliofifia au uliong'aa, hata ikiwa rangi ni moja. Kwa hiyo huko praima hutumika hasa ili kusawazisha unywaji, na fundi aweza kupaka mara uji ukikauka na kusuguliwa, labda siku inayofuata.

Fundi wa Afrika Mashariki leo huifahamu jasi vizuri, maana dari nyingi na vizuizi vya ndani vya ofisi hufanywa kwayo. Lakini kuta kubwa za nyumba yake ni za tofali na lipu ya saruji. Akichukua maagizo ya ukuta wa jasi, yanayoruhusu kupaka kesho, na kuyatumia kwenye ukuta wa saruji wenye juma moja, amefuata maagizo sahihi mahali pasipostahili. Ndiyo hatari ya kujifunza agizo bila sababu yake. Agizo husema "fanya hivi". Sababu husema lini ufanye na lini usifanye. Taifa linalokariri maagizo ya wengine litabaki likishangaa kwa nini mambo yaliyofaulu kwingine hayafaulu kwake.

Somo la chokaa

Si kwamba pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na elimu yake. Kwa karne nyingi wajenzi wa Lamu, Kilwa na Unguja walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, wakaipaka ukutani. Chokaa hiyo hurudia hali ya jiwe kwa kunywa kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa, iliyomo angani:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Kwa kuwa chokaa yenyewe ni alkali, haidhuriwi na alkali ya ukuta. Na kwa kuwa ina vitundu, huuacha ukuta upumue. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umetoa fundisho la upande wa pili: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikifunikwa kwa lipu ya saruji, ambayo haipitishi unyevu kwa urahisi kama chokaa, maji hunaswa ndani na chumvi hufanya uharibifu wake kimyakimya.

Hoja hii haitaki watu wote warudi kwenye chokaa. Inataka ikumbukwe kwamba pale ambapo jengo halina budi kufunguliwa upesi, mkono wa chokaa ni heshima ya kutosha. Ukuta utakuwa mweupe siku ya sherehe na utaendelea kukauka. Rangi ya maji yaweza kuja baadaye, ukuta ukishapigwa brashi ngumu ili chokaa isiyoshika iondoke.

Hoja ya gharama

Atatokea wa kusema kwamba watoto wanahitaji madarasa leo, na kwamba kungoja ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Darasa haliwi tayari kwa sababu limepakwa rangi. Huwa tayari likiwa na paa, sakafu, madawati, mwanga na mwalimu. Watoto waweza kusoma mwezi mmoja au miwili katika kuta zisizo na rangi bila kupungukiwa na elimu yoyote. Kisichoweza kungoja ni sherehe, na sherehe haifundishi hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Na lichukuliwe darasa la mita 9 kwa 7, lenye kuta za kimo cha mita 3. Kuta za ndani ni mita za mraba 96. Milango na madirisha yakiondolewa, tuseme zinabaki 80. Ikiwa lita moja hufunika mita za mraba 10, mikono miwili ya rangi itachukua lita 16, na mkono wa praima lita 8, jumla 24. Anayeacha praima na kupaka ukuta mbichi huona ameokoa lita 8. Rangi ikibambuka, atalipa watu wa kuikwangua, kisha atanunua lita 24 alizozikwepa. Atakuwa ametumia lita 40 badala ya 24, mbali na ujira wa mara mbili. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa asiyengoja ukuta huujenga upya kwa makopo.

Na si fedha tu. Rangi inayobambuka darasani huanguka sakafuni, na vumbi lake huingia mikononi na vinywani mwa watoto. Ikiwa rangi hiyo ina madini ya risasi, kama zilivyokuwa nyingi za zamani na kama zilivyo bado baadhi ya rangi za mafuta zinazouzwa duniani, madhara yake huufikia ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika milioni ya rangi iliyokauka. Wanunuzi wa rangi za shule wadai rangi iliyopimwa, na rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu wala mbele ya wanafunzi, bali iloweshwe kwanza, na vumbi lake likusanywe.

Ukuta uwe maabara

Mwalimu anayelalamika kwamba hana vifaa atazame ukuta wa shule yake. Achukue kipande cha nailoni safi cha sentimita 45 kila upande, akibandike kingo zote kwa gundi ya utepe juu ya lipu mpya, akiache kwa saa 16 au zaidi. Akikuta matone au kivuli cha unyevu nyuma yake, ukuta haujawa tayari. Achukue kipande cha lipu kilichovunjika karibuni, adondoshe fenolfthalini. Mara nyingi uso wa nje wa lipu ya zamani hautabadilika, maana hewa ukaa imekwisha kuupooza, ilhali ndani patakuwa pekundu-zambarau. Mwanafunzi ataona kwa macho yake ile fomula ya chokaa ikitembea polepole kutoka nje kwenda ndani, na ataelewa kwa nini maji yanayotoka ndani huweza kuirudisha alkali usoni.

Kisha darasa lifinyange vipande viwili vya mchanganyiko wa saruji na mchanga kwa kipimo kimoja, kimoja miezi miwili kabla ya kingine. Kile cha pili kikiwa na siku tatu, vyote vipakwe rangi moja ya mafuta siku moja, viwekwe penye unyevu, na mabadiliko yaandikwe kila juma. Anayeshika saruji avae glavu na kuyakinga macho. Jaribio hili halihitaji umeme wala fedha za kigeni. Lahitaji kopo dogo la rangi na subira.

Fundi naye aalikwe darasani. Akisema kwamba ukuta "bado mbichi", anataja kwa maneno mawili yale ambayo kitabu hueleza kwa kurasa mbili. Kinachokosekana ni madaraka ya kulitamka neno hilo mbele ya wanaopanga tarehe na kusikilizwa. Basi mikataba ya majengo ya umma itaje waziwazi muda wa kungoja, uchunguzi wa unyevu na mkono wa praima, kila kimoja kwa jina lake, ili fundi asiwe peke yake anapotetea ukuta.

Siku itakapokuwa kawaida kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kupita kando ya jengo jipya na kuuliza, "Lipu hii ina siku ngapi?", sayansi itakuwa imetoka ubaoni. Na mkubwa anayeulizwa swali hilo, akikosa jibu, na aahirishe rangi.